Shule zetu Lamu zafunza mtoto kuondoka

Matokeo ya mtihani yakitoka hapa Lamu mazungumzo ya barazani huwa yale yale. Shule fulani imetoa wangapi, kaunti imekua ya ngapi, mtoto wa fulani kaitwa chuo kikuu gani, hongera zinajaa kwenye magrupu ya WhatsApp siku mbili tatu alafu kimya mpaka mwaka mwengine. Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili, huyo aliepita vizuri anajua nini kuhusu mahali alipozaliwa? Na yule tuliesema amefeli, kwani amefeli nini hasa, manake unaeza kumkuta baada ya miezi sita anaendesha mashua usiku kwenye mkondo wa Mkanda bila taa na hajakwama hata siku moja.

Nasema hivi kwa sabu maneno ya maendeleo endelevu sasa yamekua mengi, kila warsha ina bango lake, kila mgeni anaekuja na projekti anayo kwenye karatasi zake, na jibu la kila mtu ni moja, elimu, elimu, elimu. Sawa, nakubali. Lakini elimu gani? Hii tulonayo imepangwa kwa ajili ya mtu atakaeondoka, na mtu wa kuondoka hana haja ya kujua kisima kinajaa vipi au kwa nini kamba wamepungua. Mimi naona jamii inadumu ikiwa na watu wanaojua mambo mawili kwa pamoja, wanajua mahali pao panavofanya kazi na pia wanaeza kusoma makaratasi ya mtu anaekuja kupabadilisha. Kwetu hapa mambo haya mawili yamekaa kwa watu tofauti wasioongea, mzee ana moja, kijana ana jengine, na shule badala ya kuwakutanisha ndo inawatenga zaidi.

Chukua kesi ya makaa ya mawe, manake ndo mfano mzuri kuliko yote na watu washaanza kuisahau. Mwezi wa tisa 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power ijenge kiwanda cha umeme cha megawati 1,050 huko Kwasasi upande wa bara. Watu wakapinga kupitia Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, wakaenda mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 ile leseni ikafutwa. Kampuni ikakata rufaa, mambo yakavutana miaka, mpaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikasema uamuzi wa kwanza ubaki vile vile. Wengi wanaikumbuka kwa yale maandamano na zile tisheti. Lakini ukiangalia kilichoiangusha leseni sio maandamano, ni kwamba wananchi hawakushirikishwa sawasawa, mikutano mingi ilifanywa kabla ripoti ya athari za mazingira kukamilika na ripoti ilipokamilika watu hawakupewa nafasi ya maana ya kuielewa na kuijibu. Yaani mvuvi aliulizwa maoni yake kuhusu kitu ambacho hajakiona. Atajibu nini zaidi ya kuuliza kama kazi zitapatikana?

Sasa fikiria ile ripoti yenyewe. Kurasa mamia kwa mamia, Kiingereza cha kitaalamu, majedwali, ramani, vipimo vya moshi na jivu na maji ya kupozea mitambo yanaporudi baharini yakiwa ya moto. Sheria inataka tangazo lisomwe redioni hata kwa lugha ya wenyeji, lakini tangazo ni la kukwambia tu kwamba kuna ripoti, kuisoma ni shida yako. Ilibidi watu wakae chini, wengine mawakili, wengine walimu, wengine vijana walomaliza chuo wakarudi nyumbani kwa sabu kazi hakuna, waifungue ukurasa kwa ukurasa na wawaulize wazee hapa wanaposema eneo hili halina uvuvi mkubwa ni kweli? Na mzee aseme hapana bwana, hapo msimu wa kaskazi ndo kwenye samaki wenyewe. Hapo ndipo nilipoona elimu ikifanya kazi ya kulinda mahali. Haikutoka kwenye silabasi yoyote. Ilitokea kwa dharura, kwa sabu moto ulishafika mlangoni.

Kesi ya pili ni ya wavuvi na bandari ya LAPSSET, ule mradi wa bandari na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Machi 2012 na marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu Meles Zenawi. Tarehe 30 Aprili 2018 majaji wa Mahakama Kuu Malindi walisema haki za watu wa Lamu zilivunjwa, pamoja na haki ya utamaduni wao, wakaagiza wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Wengi wanaikumbuka hiyo pesa tu. Kwangu la maana zaidi ni kwamba mahakama ilikubali uvuvi wa kienyeji ni jambo lenye uzito mbele ya sheria, sio mazoea ya watu masikini wasio na lengine la kufanya. Mtu ambae hajaingia darasani alisikilizwa kama mjuzi. Alafu rudi shuleni kwa mtoto wake uone kama kuna mwalimu hata mmoja aliewahi kumuita yule mzazi aje aongee mbele ya darasa. Mahakama imemtambua, shule bado.

Na hayo anayoyajua ni ya sayansi kabisa, sio hadithi. Mtoto wa Lamu anafundishwa mwezi na maji kwa mchoro wa ubaoni, jua hapa, dunia hapa, mishale miwili mitatu, anakariri, anaandika, anapata alama. Na huyo huyo nyumbani anasikia bamvua, yale maji makubwa, na maji mafu, yale madogo, tangu hajaanza kuongea vizuri, anajua mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji yanakupwa mpaka unatembea kwa miguu pale ambapo siku nyengine mashua yapita. Hizo ni habari moja! Hakuna alomwambia ni habari moja. Kwa hivo ya shule anaiona ya mtihani, na ya nyumbani anaiona ya watu wasiosoma, na akikua kidogo anaona aibu nayo.

Hapo gatini ukikaa asubuhi jahazi la mikoko linapoteremsha utaona hesabu ambayo hakuna kitabu inayo. Miti inahesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na inagawanywa kwa unene, fito ndo nyembamba kabisa, alafu pau, alafu mazio, alafu boriti, alafu nguzo na kuendelea. Anaepanga hatumii kipimo, anashika mti mkono mmoja, anautupa kwenye fungu lake, na bei inafuata fungu. Boriti hizo ndo zimebeba dari za mji mkongwe wote huu, ule ambao UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ushawahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe hapa ni virefu na vyembamba? Ni kwa sabu ya boriti. Mti wa mkoko hauezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ukizidi upana fulani, mita 2.5 hadi 3 hivi, basi fundi alipima chumba kwa mti, sio mti kwa chumba. Humo ndani mna fizikia, mna hesabu, mna historia ya biashara na Uarabuni, mna somo zima la kuishi na kile ulichonacho bila kukimaliza, na mtoto anapita chini yake kila siku akienda shule kusoma habari za misitu ya Kanada.

Juzi nilimuuliza kijana wa jirani yuko gredi ya tisa, hebu nambie mkoko na mchu, miti miwili ya pwani yetu, utaitofautisha vipi. Akanitazama. "Ami, hiyo haiko kwenye mtihani." Hakunijibu kwa ufidhuli wallahi, alinijibu kwa adabu kabisa, alikua ananisaidia nisipoteze wakati.

Kaunti hii ndo ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Zaidi ya nusu! Mkoko una mizizi ile mikubwa inayopinda na kushuka kwenye tope, mchu mizizi yake ni myembamba inachomoza wima kutoka chini, mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji mengi, mkandaa na muia vinapenda nyuma. Mbegu ya mkoko inaanza kuota ikiwa bado iko juu ya mti, ikianguka imeshakua mche. Kila mti una mahali pake kulingana na maji ya chumvi yanavoufikia, na hili sio jambo la kupamba makala. Serikali imesema inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na siku za kupanda tumeziona, maboti yanajaa viongozi na wanafunzi na kamera, miche ya mkoko inachomekwa kwenye tope lolote lililo wazi kwa sabu mkoko ndo rahisi kuuchomeka, picha zinapigwa, watu wanarudi kula pilau. Panapopandwa mti usiokua wa hapo, mche unakufa. Hili limetokea nchi nyingi duniani na wataalamu wa mikoko wamelipigia kelele miaka. Mkataji wa mikoko wa hapa angewaambia bure, hapo mahala pa mchu, hapo kwanza mbona hapakua na mti toka zamani. Lakini yeye yuko pembeni ameshika boti wasilowe viatu.

Na mkataji huyo mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti nchi nzima alilala na njaa, bila mtu kukaa nae kumueleza ni sehemu gani imechoka na sehemu gani ina nafuu, bila kumuuliza yeye anaonaje. Katazo bila elimu latufunza kukwepa askari, basi.

Maji nayo, hapa nataka kukaa kidogo kwa sabu ndo jambo linalonitia hofu kuliko makaa ya mawe. Mji wa Amu, yaani Lamu mjini, unakunywa maji ya visima vya Shela, kijiji cha jirani. Yale matuta ya mchanga ambayo watalii wanapiga picha jua likichwa, mvua ikinyesha mchanga unayameza maji na kuyachuja, yanakaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi kwa sabu maji matamu ni mepesi. Ukivuta taratibu yapo. Ukivuta kwa pampu kubwa kupita kiasi, au ukijenga juu ya matuta ukayafunika, chumvi inapanda na haishuki kwa kuomba msamaha. Ndo maana matuta yale yaliwekwa chini ya ulinzi, na ndo maana kila ukisikia kuna mtu ana hati ya kiwanja pale juu unafaa kukosa usingizi. Sasa niambie, ni watoto wangapi wa shule hapa mjini wanaeza kueleza habari hii kwa dakika mbili? Ni madiwani wangapi? Mtu asiejua maji yake yanatoka wapi atauza kiwanja cha juu ya kisima chake mwenyewe na atasherehekea bei alopata.

Wazee hawakua na neno la ekolojia lakini kwenye birika la nyumba waliweka visamaki vidogo wale viluwiluwi vya mbu, maji yakakaa safi bila dawa. Kule Pate, Faza, Kizingitini ambako hakuna matuta kama ya Shela walijenga majabia, sakafu kubwa ya kukusanya mvua inayomwaga kwenye tangi chini ya ardhi, na kulikua na utaratibu wa kulisafisha kabla mvua haijaanza, kila mtu anajua zamu. Somo hilo lingekua la vitendo kabisa. Wapeleke watoto jabia, wapime sakafu, wapige hesabu milimita 10 za mvua zitaleta lita ngapi, nyumba kumi zatumia ngapi kwa siku, yatafika siku gani. Sabuni, glavu, daftari, imeisha. Haihitaji ufadhili wa mtu.

Lakini hapa nisimame nisije nikaonekana nalilia zamani, manake kuna ugonjwa wa watu wetu, hasa walosoma wakakaa Nairobi, wa kuwasifu wazee kama hawakukosea kitu. Si kweli. Juya, ule wavu wa kukokota, ni letu, tumelivuta ufuoni miaka na miaka likikusanya mpaka vitoto vya samaki, na likipigwa marufuku bado tunajua pa kulivuta kukicha. Mikoko ya kupeleka Uarabuni tulikata sisi kwa mashoka yetu. Chokaa tulichoma kwa matumbawe ya bahari hii. Mzee anajua bahari ya ujana wake, na bahari ya sasa ina joto jengine, ina matumbawe yanayopauka, ina meli za kigeni, ina watu mara kadhaa ya walokuepo, kaunti nzima sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Ujuzi wa mzee peke yake hautoshi kwa hilo na ndo hasa sababu ya kumtaka yule wa darasani. Mfano mzuri ni pweza. Kule Pate jamii zimejaribu kufunga sehemu za miamba kwa miezi michache kisha kuzifungua, na inafanya kazi kwa sabu pweza anakua haraka mno, anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo na jike anakufa mayai yakishaanguliwa, kwa hivo ukimuacha muda mfupi tu unampata mkubwa, na wengine washazaa. Akina mama wanaochokora pweza wanajua mashimo yote. Haya ya umri wake na kufa kwake yametoka kwa watafiti. Wakikaa pamoja inatoka sheria ambayo watu wanaifuata bila askari kwa sabu wameona kilo zimezidi. Kila upande ukibaki peke yake inatoka ugomvi tu.

Kuna atakaesema mimi nataka watoto wa Lamu wabaki wavuvi na wakata mikoko huku watoto wa wenzetu wanakua madaktari. Hoja hii ni nzito na siitupi. Mzazi anaemuuza mbuzi amlipie mtoto shule ya bweni Mombasa sio mjinga, amepiga hesabu, ameona nani ana mshahara wa mwisho wa mwezi na nani anasubiri upepo wa kusi upungue ndo aingie baharini. Kama kijiji hakina kazi utamwambia nini? Ila tazama bandari. Gati la kwanza la meli lilifunguliwa Mei 2021, na kazi zenyewe zikawakuta vijana wetu hawana cheti cha kuendesha mashine, wala cha ubaharia, wala uhasibu wa bandari, sisi watu wa bahari miaka elfu! Na yule mvuvi alieambiwa sasa aende bahari kuu akapewa boti na injini, nani alimfunza kutengeneza injini, kusoma ramani ya setilaiti, kuhifadhi samaki kwa barafu siku tano? Kwa hivo shule ya kuondoka haikumpa kazi hata yule aliebaki pale pale kazi ilipomfuata. Hapo ndo hoja ya mshahara inanirudisha kwenye kule kule.

Tusijidanganye pia kwamba hili ni wazo jipya. Mwalimu Nyerere alitangaza siasa ya elimu ya kujitegemea mwaka 1967, akasema wazi kwamba shule ya kikoloni inamtoa mtoto kwenye jamii yake na kumfanya adharau kazi ya wazazi wake. Alisema kweli. Kilichotokea shule nyingi ni kwamba shamba la shule likageuka adhabu ya mtoto aliechelewa, na mtihani ukabaki ule ule, na mzazi akaendelea kuangalia mtihani. Hiyo ndo hofu yangu na huu mtaala wa umilisi ulioanza kusambazwa 2019. Kwenye karatasi ni mzuri, unataka mtoto afanye, aguse, ashirikiane na jamii. Ukija nyumbani ni mama anaambiwa saa mbili usiku kesho mtoto alete katoni, gundi ya rangi na picha za kuchapisha, mama anakwenda saibakafe kulipa shilingi hamsini kwa picha ya mti ambao uko nyuma ya nyumba yake. Sasa wa kwanza wao wameingia sekondari ya juu Januari 2026 wakachaguliwa njia tatu, sayansi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo, na visiwani huku swali la kwanza ni shule gani ina maabara kabla ya mengine yote.

Waboni ndo wananisikitisha zaidi na wao hata hawamo kwenye mjadala. Watu wa msitu, waliwinda na kurina asali, uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima 1977 wakabaki na asali na vishamba, alafu mambo ya usalama tangu 2014 yakafunga shule za wadi ya Basuba kwa miaka. Mtoto alizuiwa msitu na akafungiwa darasa. Anaejua ndege wa asali anampeleka wapi na jina la kila mti ni mzee asiekua na wa kumuachia, na siku ya mwisho msitu wa Boni utabaki na ramani ya jeshi tu.

Kinachofanya nisikate tamaa ni vitu vidogo vilivyokwisha fanyika pwani hii hii. Gazi kule Kwale wanakijiji tangu 2013 wanalinda mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa, yaani walipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaishika, na pesa yake imeingia kwenye maji ya kijiji na vitabu vya shule. Mtoto wa Gazi akiulizwa mkoko una faida gani hajibu kwa kukariri, anaonyesha bomba. Na hapa kwetu jahazi la Flipflopi lilijengwa kwa takataka za plastiki na ndara zilizookotwa ufukweni, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar, kiongozi wa mafundi akiwa Ali Skanda, fundi wa hapa hapa Lamu. Wahandisi walijua plastiki. Lakini plastiki haikatwi wala haipindi kama mbao na hakuna kitabu cha kuunga mbavu za jahazi kwa plastiki, ilibidi fundi wa jahazi ajaribu, aharibu, ajaribu tena. Dunia nzima ikaandika. Shule zetu zikaleta watoto kupiga picha, wakarudi darasani kusoma aina tatu za uchafuzi wa mazingira.

Mabadiliko ninayoyataka sio makubwa hivo. Tusingoje Nairobi ibadilishe vitabu. Katiba ya 2010 kwenye ugatuzi iliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, hivi ni vya kaunti kabisa, bajeti yake inapitishwa pale pale na wawakilishi wadi tunaowajua kwa majina na tunaoswali nao. Hakuna kinachoizuia kaunti kumuajiri fundi wa jahazi wa kijiji cha Matondoni awe mwalimu kwenye chuo cha ufundi kwa mshahara wa mwalimu, na nchi sasa ina sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, kwa hivo kile kisingizio cha hana cheti kimepungua nguvu. Hakuna kinachozuia mtoto wa chekechea wa Siyu kupelekwa jabia badala ya kuchorwa bomba la Nairobi. Na pale chuo cha ufundi kikiwa na mwalimu wa injini za boti, mwalimu wa kuunda jahazi, na mtu mmoja tu, mmoja, wa kuwafunza vijana namna ya kusoma ripoti ya athari za mazingira na kuandika pingamizi kwa wakati, basi mradi mwengine ukija, na utakuja manake bandari yaelekea kuongezwa na ardhi ya bara inapimwa kila leo, hatutaanza kutafuta wakili siku ya mwisho.

Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti huwa vinatangazwa, na watu wanaokwenda ni wale wale wanaotafuta nauli na soda. Mwaka huu waendeni walimu wa vyuo na wa madrasa pia, na wazazi wa wale walofeli, na mmoja abebe swali moja tu la kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: mafundi wangapi wa hapa wamo kwenye orodha ya walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti, na kama hakuna, pesa ya kuwaajiri iko fungu gani.